Damu inayolia: ukatili, hatia na nguvu za giza katika hadithi za kutisha

Jioni ikifika Lubunga na mitumbwi ya mwisho ikishavuka kutoka ng'ambo ya mjini, simu moja hupita mikononi mwa vijana sita au saba. Mara nyingi wanachotazama ni filamu ya kutisha: wafu wanaotembea, nyumba yenye mizimu, mtu anyonyaye damu. Wazazi hutuuliza: je, inafaa Mkristo kutazama mambo hayo? Walimu wa shule ya Jumapili nao huuliza tuseme nini.

Kabla ya kujibu, tumeona vema kueleza hadithi hizi zimetoka wapi na zinasema nini hasa. Karibu zote ni watoto na wajukuu wa vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani kati ya mwaka 1764 na mwaka 1900, vinavyoitwa hadithi za gothiki. Ukivisoma vile vilivyo bora utaona jambo la ajabu. Cha kuogopesha zaidi siyo mzimu. Ni kile mtu alichokifanya kabla mzimu haujaja. Tena, mojawapo ya hadithi maarufu za ukoo huo ilizaliwa hapa kwetu, kwenye maporomoko ya mto wetu.

Asili ya hadithi za gothiki

Wagothi walikuwa taifa la kale la Ulaya. Baadaye jina lao lilipewa mtindo wa kujenga makanisa na ngome za mawe za zama za kati, zenye minara mirefu na vyumba vya giza. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto, na toleo lake la pili akaliita hadithi ya gothiki. Ndani yake yumo bwana mkubwa anayetawala ngome ambayo si yake. Babu yake alimpa sumu mwenye ngome na kuitwaa mali yake. Siku ya arusi, kofia kubwa ya chuma inaanguka kutoka juu na kumponda mwana wa yule bwana, na mambo ya kutisha yanaendelea hadi ukweli unajulikana.

Tangu kitabu hicho cha kwanza, muundo umekuwa ule ule: mali iliyotwaliwa kwa damu, dhambi ya babu iliyofichwa, mtoto anayeumia, na nyumba isiyokubali kunyamaza.

Wengi walifuata. Mary Shelley aliandika Frankenstein (1818). Charles Maturin, kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Dublin, aliandika Melmoth the Wanderer (1820), habari za mtu aliyeuza roho yake ili aongezewe miaka 150 ya kuishi, kisha akazunguka dunia akitafuta mtu wa kumpokea mzigo huo, asimpate hata mmoja. James Hogg wa Scotland alitoa kitabu mwaka 1824 juu ya kijana aliyefundishwa kwamba ameteuliwa na Mungu na hivyo hawezi kupotea. Rafiki wa ajabu anamfuata, na wasomaji wengi humwona rafiki huyo kuwa Shetani mwenyewe. Huyo humshawishi kuua watu kwa jina la utakatifu. Baadaye wakaja Edgar Allan Poe na Nathaniel Hawthorne huko Marekani, Robert Louis Stevenson (1886) na Bram Stoker, mwandishi wa Dracula (1897).

Ukatili: unatoka kwa nani?

Mtu ambaye hajasoma Frankenstein hufikiri ni habari za jitu baya. Lakini kitabu ni habari za msomi kijana aliyetengeneza kiumbe hai, kisha akakikimbia siku ile ile kwa sababu sura yake ilimchukiza. Kiumbe hicho kinatafuta watu wa kukipokea, kila mahali kinapigwa na kufukuzwa, na hatimaye kinageuka kuwa muuaji. Ukatili wa kwanza ulikuwa wa yule aliyekitupa.

Kuna sehemu moja ambayo filamu nyingi huiacha. Kiumbe kinamuua mtoto mdogo, ndugu wa msomi. Anayeshikwa ni Justine, msichana mtumishi asiye na kosa. Muungamishi wake anamkalia usiku na mchana, anamtishia kutengwa na kanisa na moto wa jehanamu, mpaka msichana anakubali kosa ambalo hakulifanya. Ananyongwa. Msomi anajua ukweli wote, na ananyamaza.

Tunawaomba wachungaji waisome sehemu hiyo mara mbili. Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kukiandika kitabu hiki, lakini alielewa jambo ambalo baadhi yetu hatujalielewa: kukiri kunakotolewa kwa vitisho si ushahidi.

Hatia: mzimu wa ndani

Katika hadithi fupi ya Poe ya mwaka 1843, mtu anamuua mzee na kumficha chini ya sakafu. Polisi wanapokuja anawakaribisha kwa furaha, anaweka kiti chake juu ya mahali pale pale. Halafu anaanza kusikia moyo wa marehemu ukidunda. Polisi hawasikii kitu. Yeye anasikia zaidi na zaidi, hadi anapiga kelele na kuungama yote. Hakuna mzimu katika hadithi hiyo. Kuna dhamiri tu.

Sisi wasomaji wa Biblia hatushangai. Katika Mathayo 14, Herode, aliyeamuru Yohana Mbatizaji akatwe kichwa, anasikia habari za Yesu, na mara moja anadhani ni Yohana aliyefufuka. Mathayo hataji mtu aliyemwambia hivyo. Hatia yake ndiyo iliyosema. Katika Mwanzo 42, ndugu za Yosefu wanapata taabu huko Misri, na baada ya miaka mingi wanakumbuka kilio cha ndugu yao shimoni. Na katika Mwanzo 4, damu ya Habili ndiyo inayolia kutoka ardhini. Waandishi wa gothiki walikuwa wamelelewa na kitabu hiki. Walijua kwamba damu iliyofunikwa haikai kimya.

Nguvu za giza: njia tatu

Waandishi hawa hawakukubaliana juu ya mizimu. Wengine, kama Walpole, waliileta wazi kabisa. Wengine, kama Ann Radcliffe katika The Mysteries of Udolpho (1794), walimtisha msomaji kurasa nyingi, kisha mwishoni wakaeleza kwamba kila sauti na kila kivuli kilikuwa na sababu ya kawaida.

Njia ya tatu ni kuacha shaka. Mfano mkubwa ni The Turn of the Screw ya Henry James (1898). Mwalimu kijana anatunza watoto wawili katika nyumba ya mashambani. Anasadiki kwamba mizimu ya watumishi wawili waliokufa imewashika watoto. Je, ipo kweli, au imo kichwani mwake? Kitabu hakisemi. Lakini kinasema jinsi habari inavyokwisha: mwalimu anamshika yule mvulana, anamkaza ataje jina la mzimu, anaamini kwamba anamwokoa, na mtoto anafia mikononi mwake.

Sisi tunaamini kwamba ulimwengu wa roho upo. Biblia inafundisha hivyo, nasi hatuoni haya. Lakini mtu anaweza kuamini kwamba Shetani yupo na bado akakosea kabisa anaponyosha kidole na kusema yuko ndani ya nani. Hilo ndilo fundisho la kitabu hiki kidogo, nasi tunalihitaji.

Stanley Falls: hadithi iliyozaliwa kwetu

Mwezi wa 9 mwaka 1890 meli ndogo ya mvuke iitwayo Roi des Belges ilifika kwenye kituo cha Stanley Falls, ambacho leo ni Kisangani. Ndani yake alikuwamo baharia wa Kipolandi aliyejifunza Kiingereza ukubwani, Joseph Conrad. Meli iliporudi chini ilimchukua wakala mgonjwa, Georges Antoine Klein, aliyekufa njiani. Miaka tisa baadaye, mwaka 1899, Conrad alitoa Heart of Darkness katika jarida moja la Uingereza. Ni habari za safari ya kupanda mto mkubwa kwenda kumtafuta wakala aitwaye Kurtz, mtu msomi aliyekuja na maneno mazuri ya ustaarabu. Anakutwa amezungukwa na meno ya tembo, na mbele ya nyumba yake kuna vichwa vya watu juu ya miti.

Vichwa hivyo si ndoto ya mwandishi tu. Mwaka 1895 Mwingereza E. J. Glave alipita hapa na kuandika katika shajara yake kwamba vichwa 21 vililetwa baada ya shambulio la kijeshi, na kapteni Léon Rom akavitumia kupamba ukingo wa bustani ya maua mbele ya nyumba yake. Shajara ilichapishwa mwaka 1897. Walpole alihitaji kubuni ngome yake ya kutisha. Conrad hakuhitaji kubuni mengi.

Hata hivyo lazima tuseme na upande wa pili. Mwaka 1975 mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alitoa mhadhara mkali dhidi ya kitabu hicho. Alisema kwamba Waafrika ndani yake hawana majina wala mazungumzo ya watu. Wamefanywa kuwa mandhari ya kutisha kwa ajili ya roho ya Mzungu mmoja. Sisi tunaokaa hapa tunaona Achebe alikuwa na haki. Wagenia waliokuwa wakitega samaki kwenye maporomoko mwaka ule wa 1890 hawakuwa giza la mtu yeyote. Walikuwa watu kazini.

Wala tusidhani giza lilikuja na meli za Ulaya peke yake. Mwaka 1887 mfanyabiashara kutoka Zanzibar, Tippu Tip, alifanywa gavana wa Stanley Falls. Misafara yake ya pembe na watumwa ni mojawapo ya njia ambazo lugha hii tunayoiandika ilitufikia.

Waliosema ukweli

Katika miaka ile, wamisionari wengi walinyamaza ili wasinyimwe ruhusa ya kufungua vituo. Wengine walikataa kunyamaza, nao tunawataja kwa shukrani. William Sheppard, Mpresbiteri Mweusi kutoka Marekani, alitumwa mwaka 1899 kuchunguza shambulio huko Kasai, akahesabu mikono 81 iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Mwaka 1909 kampuni ya mpira ilimshtaki mahakamani kwa maandiko yake, na hakuhukumiwa. Alice Seeley Harris, wa Congo Balolo Mission, alikuwa Baringa mwezi wa 5 mwaka 1904 wakati baba mmoja, Nsala wa kijiji cha Wala, alipofika na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, vimefungwa ndani ya majani. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua. Mama Harris alimpiga picha Nsala ameketi barazani akivitazama. Picha hiyo ilionyeshwa katika makanisa ya Uingereza na Marekani, na ilisaidia kumlazimisha mfalme Leopold kuiachia Kongo mwaka 1908.

Tofauti na hadithi za gothiki ni hii: Nsala hakurudi kama mzimu kuwasumbua wauaji. Alikuja mchana, kwenye baraza la misheni, akitumaini kwamba watu wa kanisa watamsikiliza.

Salem: kanisa lililotubu

Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem huko Marekani, Waprotestanti wenye bidii walianza kushtakiana uchawi. Wasichana wadogo walianguka na kupiga kelele, wakataja majina. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka akakandamizwa kwa mawe hadi akafa. Binti wa mmoja wa walionyongwa, Dorothy Good, mwenye umri wa miaka minne au mitano, alitiwa gerezani kwa minyororo. Ushahidi mkubwa ulikuwa ndoto na maono. Waliokiri waliachwa hai, waliokana waliuawa.

Miaka mitano baadaye, Januari 1697, serikali ya koloni iliweka siku ya kufunga na kutubu. Jaji Samuel Sewall alisimama ndani ya kanisa lake mjini Boston huku mchungaji akisoma karatasi yake, akijitwika lawama na aibu mbele ya wote. Wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama nao walitia sahihi barua ya kuomba msamaha. Mwaka 1706 mmoja wa wale wasichana, Ann Putnam, akiwa mtu mzima, aliungama mbele ya kanisa.

Jaji mwingine, John Hathorne, hakuonyesha toba. Mjukuu wa mjukuu wake alikuwa Nathaniel Hawthorne, mwandishi. Mwaka 1851 alitoa The House of the Seven Gables, habari za tajiri aliyetamani kiwanja cha jirani maskini, akashiriki kumtuhumu uchawi, jirani akanyongwa, na tajiri akajenga nyumba yake hapo. Uzao wake wote unaishi chini ya kivuli cha nyumba hiyo.

Uchawi na kiwanja: Hawthorne alijua vinavyotembea pamoja.

Na kwetu?

Hatuandiki haya ili tuwahukumu Wamarekani wa zamani. Kila asomaye Kisangani anajua mtoto aliyeitwa ndoki. Baba amekufa, mama ameolewa tena, biashara imeanguka, mdogo mtu amepata homa isiyopona. Mtoto wa marehemu, yule anayekojoa kitandani au anayezungumza usingizini, anatajwa. Anapelekwa chumba cha maombi. Ananyimwa chakula siku tatu, anaulizwa usiku, anapigwa, mpaka anasema ndiyo. Kisha anasimamishwa mbele ya watu kutoa ushuhuda. Baada ya hapo hana nyumba. Tunamkuta sokoni au bandarini, na tunamwita shege.

Tunakiri kwamba makanisa yetu hayakuwa safi. Tumekaa katika ibada ambapo mtoto alitajwa, na tuliinamisha vichwa tukijifanya tunaomba. Hatukupiga mtu. Tulifanya kama yule msomi katika hadithi ya Frankenstein: tulijua, tukanyamaza.

Sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo na faini anayefanya hivyo. Cheo cha mchungaji hakimwondoi mtu chini ya sheria hiyo.

Kuna jambo lingine linalotuuma sisi wa ukingo wa kushoto. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2023 mgogoro wa ardhi umewagombanisha ndugu zetu Wambole na Walengola. Watu wameuawa, nyumba zimechomwa, familia zimevuka mto kutafuta mahali pa kulala. Wauaji na waliouawa waliwahi kuketi benchi moja kanisani. Silaha zitakaponyamaza, hatari itakuwa kusema yamepita, tujenge juu yake. Hadithi zote tulizozieleza zinatuonya juu ya nyumba iliyojengwa hivyo. Kumbukumbu la Torati 21 inaagiza wazee watoke nje ya mji, wapime, wasimame mahali maiti ilipoonekana, na kulitaja jambo mbele za Mungu hata kama muuaji hajulikani. Kanisa linaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo majina ya wafu wa pande zote mbili yanasomwa pamoja.

Basi, tutazame au tusitazame?

Kwa watoto wadogo jibu letu ni hapana. Hofu ya usiku ni mzigo usiowafaa. Kwa vijana, tunashauri mtu mzima akae nao na aulize. Filamu inayofurahia kukatwa kwa watu haijengi kitu. Filamu inayomfundisha mtoto kwamba yatima mwenye macho makubwa ni shetani inaharibu, hata kama mwishoni kuna msalaba na maombi; na filamu za namna hiyo tunazo nyingi. Lakini hadithi inayoonyesha kwamba damu iliyofichwa hulia, na kwamba mwenye cheo anaweza kuwa mkatili kuliko jitu lolote, inaweza kufungua mazungumzo mazuri.

Tofauti kubwa imebaki moja. Katika hadithi nyingi za gothiki hatia haina dawa. Mwenye dhambi anakuwa wazimu, anajiua, au nyumba inamwangukia. Yuda alifika hapo. Petro naye alikana, akalia, akarudi, na akaulizwa mara tatu kama anapenda. Injili haifichi maiti chini ya sakafu, wala haimwachi aliyeungama peke yake na mbao zilizong'olewa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika familia yetu au mtaa wetu, ni nani aliyewahi kutajwa kuwa mchawi? Nani alipata faida alipoondoka?

2. Mtoto akikiri baada ya kunyimwa chakula na kutishwa, kukiri huko kuna thamani gani? Someni Mathayo 18:1-14.

3. Jaji Sewall alisimama kanisani mbele ya wote. Kwetu, toba ya kosa lililofanywa hadharani ifanyike wapi?

4. Kila parokia ichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, ambao mtoto aliyetajwa anaweza kuwakimbilia usiku huo huo, na mlango ufunguliwe. Tutawachagua akina nani, na lini?